Gari la Sufuria za Wakfu

Kamati ya Urithi wa Mbio za Magari inapenda kuufahamisha umma kwamba gari la kwanza la mbio lililobuniwa na kuundwa humu nchini, kazi ya marehemu mhandisi Huzaifa Mbaruk, lipo. Kwamba ni zima. Kwamba linatunzwa mahali salama na watu wenye ujuzi wa kutunza. Na kwamba litaendelea kuwa hazina ya taifa ili vizazi vijavyo vije vijionee kwa macho yao. Hayo yalisomwa kwa kipaza sauti, Mengo, chini ya hema jeupe, na Mwenyekiti wa Kamati mwenyewe, akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Alisoma polepole, akiacha nafasi za makofi, na makofi yalipochelewa aliyasubiri.

Basi tulichukue tamko kama lilivyo, maana lina muhuri. Gari lipo, ni zima, liko salama. Kilichobaki ni kumweleza mtu aliyeliunda, ambaye kama angekuwa hai siku ile angetoka hemani kabla ya aya ya pili, si kwa hasira bali kwa kinyaa. Kinyaa ndicho kilichomfanya mhandisi.

Alizaliwa papo hapo Mengo, katika ukoo wa watu waliokuja na misafara ya biashara kutoka mwambao, wakachelewa kurudi, na baadaye wakasahau kwamba walikuwa na nia ya kurudi. Babu yake aliuza nguo na kusomesha Kurani. Baba yake vilevile. Hakuna katika ukoo mzima aliyewahi kushika spana, isipokuwa kumrudishia mwenyewe. Huzaifa alivichukia vitambaa tangu utotoni, kwa sababu ya ule wanga unaotiwa nguo mbovu ili isimame mbele ya mteja. Alipenda chuma. Chuma kibovu, alisema, hujionyesha chenyewe, mpaka binadamu aje akipulizie rangi.

Alisoma ufundi wa mitambo chuoni, akafaulu, akaajiriwa na wauzaji wa magari yaliyotumika. Hakudumu. Siku moja alibandua zulia la gari lililokuwa linasubiri mnunuzi, akakuta sakafu imeoza, mashimo yamezibwa kwa magazeti na gundi, na juu yake rangi nyeusi inayong'aa kama kiatu cha harusi. Alitoka nje akatapika kwenye mtaro. Si usemi huo. Alitapika kweli, akanawa, akarudi ndani kuaga. Bosi wake alimuuliza kama ni malaria.

Akafungua gereji yake Kisenyi, mahali ambapo harufu ya mafuta machafu hukutana na harufu ya ngozi mbichi na hakuna inayoishinda nyingine. Hapo alipata sifa mbili. Ya kwanza, alikuwa fundi wa kutegemewa. Ya pili, alikuwa hafai kabisa kuzungumza na wateja. Mtu akileta gari, Huzaifa alilizunguka, akainama, akanusa, akasema, "Inatia kinyaa," kisha ndipo akamsalimu mwenyewe. Walioweza kuvumilia salamu hiyo walirudi.

Wazo la gari la mbio lilitokana na chuki hiyohiyo. Mbio za wakati ule zilikuwa za magari makubwa kutoka ng'ambo, mazito, yakilima matope kama makatapila. Huzaifa alikwenda kuyatazama mara moja tu, akarudi amekunja uso. Injini zenyewe hakuwa na neno nazo, bali manyama yote yaliyozizunguka. "Uzito ni uchafu," alimwambia rafiki yake Odera. "Wanabeba uchafu mlimani, halafu wanapongezana."

Odera alikuwa Mkenya wa Kisumu aliyekuwa akiuza matairi Bugolobi na kuendesha gari kwa namna iliyowafanya abiria wake wakumbuke dini zao. Akauliza gari lisilo na uchafu litatengenezwa na nini.

"Alumini," akasema Huzaifa.

"Na alumini utaitoa wapi, ndugu yangu? Kwa ndege?"

Hapo ndipo ilipo shida, na pia ndipo ilipo hadithi.

Nyuma ya msikiti wa mtaa wao kuna chumba kidogo chenye kufuli kubwa. Humo hukaa sufuria za wakfu, zile ambazo mtoto anaweza kukaa ndani akafichika, walizonunua akina mama wa zamani kwa michango, kwa ajili ya harusi, maulidi na hitima. Haziuzwi wala hazirithiwi. Ikitoboka moja, inazibwa. Ikishindikana, inapelekwa Katwe kwa wafua sufuria, ipondwe au iyeyushwe, na irudi ikiwa sufuria tena. Mwenye ufunguo ni Hajati Jannat, ambaye wakati ule alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili, na sasa ni bibi kizee mwenye sauti ileile.

Sufuria kadhaa zilikuwa zimeanza kuvuja. Huzaifa alikuwa mmoja wa mafundi wachache waliojua kuchomelea alumini bila kuiunguza, kwa hiyo Hajati akampelekea azizibe. Alizipokea kwa mikono miwili. Alizigonga moja baada ya nyingine, akasikiliza. Bati lilikuwa nene, la kupigwa kwa nyundo, la zamani, safi. Mtu mwingine angeona sufuria. Yeye, bahati mbaya, aliona milango.

Ilipokaribia harusi ya kijana mmoja wa mtaani, jina lake Faizal, Hajati alikwenda gereji na wenzake kuchukua mali yao. Wakakuta gari. Lilikuwa fupi, limelala chini kama paka anayevizia, halina rangi hata tone, na maungio yake yote yako wazi, kwa sababu Huzaifa aliamini kwamba anayeficha maungio ana la kuficha.

"Huzaifa," Hajati akasema, "sufuria zetu ziko wapi?"

"Hizo hapo, Hajati."

Akalizunguka gari. Akaugonga mlango wa kushoto kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. "Hii ni ile ya wali," akasema. "Naijua kwa mlio." Akagonga boneti. "Na hii ni ya mchuzi. Umeniwekea mchuzi mbele na wali ubavuni."

"Nitazirudisha. Ngoja lishinde kwanza."

"Sufuria ya wakfu haishindi. Inapika."

"Mbio chache tu, Hajati. Halafu nalivunja mwenyewe, narudisha kila kipande."

Yule mama alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekanyaga msala kwa viatu. "Sikusikitikii wewe," akasema. "Wewe ni mwendawazimu na Mungu anakujua. Namsikitikia atakayekuja kukulipia dhima." Harusi ya Faizal ilipikiwa kwa sufuria za kuazima kutoka Kibuli, jambo ambalo akina mama wa mtaa hawajalisahau mpaka leo, na sioni dalili ya wao kuanza kulisahau.

Boneti ya gari lile ilikuwa na nundu katikati. Kabureta ilikuwa imesimama juu kuliko hesabu ya Huzaifa, na badala ya kuikubali hesabu kwamba imekosea, alilipiga bati juu ya kinu cha kutwangia mpaka likavimba likaimeza. Katika mbio za kwanza jiwe liliipasua ile nundu. Akaitia kiraka kidogo kwa ribiti tatu, misumari ya kubania bati, zimekaa pembetatu, moja imekwenda kombo kwa sababu Odera alimgusa kiwiko. Huzaifa aliichukia ribiti ile maisha yake yote. Bintiye Zahara, aliyekuwa mdogo, aliipenda kuliko gari zima. Alikuwa akiketishwa juu ya boneti, akiitafuta kwa kidole macho yamefumbwa.

Watazamaji waliliita gari Sufuria, bila kujua walivyokuwa karibu na ukweli. Likipita kwenye kona walipiga kelele kuuliza kama wali umeiva. Odera aliwajibu kwa honi. "Gari hii ni nyepesi mpaka naogopa kupiga chafya," alimlalamikia Huzaifa, na kweli breki zake hazikuwa za kusifiwa. Lakini lilipanda milima kama limeitwa nyumbani. Msimu wa pili lilishinda, wazi, bila ajali ya mtu mwingine kulisaidia, likiyaacha magari ya ng'ambo yakikoroma chini ya mlima.

Chama cha mbio kiliupokea ushindi huo kwa utulivu. Kikapitisha kanuni mpya: kwa ajili ya usalama, bodi ya kila gari iwe imetoka kiwandani. Kanuni ilisomwa mbele ya waandishi na katibu kijana wa chama, mwenye sauti nzuri na mazoea ya kusubiri makofi. Tutakutana naye tena. Tayari tumeshakutana naye.

Huzaifa hakukata rufaa. Alisema rufaa ingemlazimu kukaa chumba kimoja nao, akivuta hewa waliyokwisha kuitumia. Akalifunika gari kwa turubai, kuku wakalala juu yake, naye akageukia kutengeneza injini za mashua Ggaba, kazi iliyompa riziki na sababu mpya za kuchukizwa: magamba ya samaki ndani ya kila kitu, na petroli iliyochanganywa na maji na watu wanaoapa kwa majina ya mama zao. Hajati Jannat alimkumbusha kila Idi. Kila Idi alisema mwezi ujao. Ukweli ni kwamba hakuweza. Aliwahi kushika tindo, akalifunua turubai, akasimama. Kisha akalifunika. Mtu aliyekuwa akiona uchafu kila mahali alikuwa ametengeneza kitu kimoja kisafi, na kitu chenyewe hakikuwa chake.

Miaka ikapita namna hiyo. Kisha urithi ukaingia katika mtindo. Kamati ikaundwa, na mwenyekiti wake akawa yule katibu wa zamani, sasa mnene kiasi, sauti ileile. Walifika Kisenyi na wapiga picha. Mwenyekiti alimkumbatia Huzaifa, akalipapasa gari, akasema, "Mzee, hili ni la kwetu sote." Akasema daima alikuwa shabiki. Huzaifa alikuwa ameshaanza kuumwa ini, na watu walidhani rangi iliyompanda usoni ni ya ugonjwa.

"Chukueni mkalionyeshe," aliwaambia. "Mkimaliza, lirudi kwa Hajati Jannat. Si mali yangu. Ni sufuria."

Walicheka sana. Walisema wasanii wana vichekesho. Wakalipakia kwenye lori, wakamwachia kofia.

Siku zake za mwisho, Huzaifa alimwita Zahara, ambaye sasa ana duka la mabuibui na mikeka Mengo, mwanamke mtaratibu aliyerithi kwa baba yake pua tu na ile namna ya kuikunja. "Kofia itupe," akamwambia. "Gari lirudishe chumbani kwa akina mama. Livunjwe, nisiende na sufuria za watu shingoni." Hakuongeza neno la hekima. Aliomba maji, akalalamika kwamba glasi ina harufu ya samaki. Alfajiri akafa.

Zahara akaanza kulitafuta gari. Ofisi ya Kamati ilimpokea vizuri sana, kila alipokwenda. Palikuwa na mhudumu wa kumletea soda na mwingine wa kumwambia asiwe na wasiwasi.

"Lipo," walimwambia.

"Naweza kuliona?"

"Mama, liko salama."

"Sijauliza hivyo."

"Ndiyo maana tunakuhakikishia."

Mwishowe, Odera, ambaye kwa kuuza matairi Bugolobi anayajua maghala yote ya huko, alimpeleka kwenye stoo ya Kamati katika eneo la viwanda. Ilikuwa nyuma ya mfereji uliobeba rangi tatu za maji, na hakuna hata moja iliyokuwa ya maji. Kaloli, wale korongo wala mizoga, walikuwa wamesimama juu ya ukuta, mabega juu, vichwa vina mabaka, wanasubiri kitu kife. Zahara alifunika pua kwa ncha ya mtandio. Msimamizi wa stoo, mwanamke aitwaye Joska, aliyejifunza Kiswahili alipokuwa polisi, alikuwa anakula muhogo hapohapo, kwa utulivu wa mtu aliyezoea.

"Gari iko," Joska akasema.

"Iko wapi, dada?"

Joska akawaongoza mpaka chini ya paa la mabati. Palikuwa na doa la mafuta sakafuni na matofali manne, yamepangwa vizuri.

"Naona matofali," akasema Zahara.

"Hiyo ndiyo nafasi yake."

"Na lenyewe?"

Joska akatafuna. Hakuwa mtu mbaya. "Nyabo, mama, mimi nilikuta hivi. Wageni walikuwa wanakuja, wakubwa wakasema safisheni. Lori ya chuma chakavu ikaja. Mimi niliuliza, na hii? Wakasema, na hiyo. Kesho yake wakasema, ukiulizwa, gari iko." Akayatazama matofali. "Sasa umeniuliza."

Odera alitema mate mferejini, na kwa mara ya kwanza pengine mfereji ule uliongezewa kitu kisafi.

Lori lilikuwa limekwenda Katwe, na Zahara akalifuata. Pale, katikati ya moshi na nyundo, mfua sufuria mmoja alimsikiliza hadi mwisho, akamwonyesha rundo la pistoni, masanduku ya gia na kitu kilichofanana na bawa la ndege. "Mama yangu, hapa vitu vyote vinaingia na majina," akasema. "Vikitoka ni sufuria." Zahara alirudi dukani akakaa kati ya mabuibui yake. Gari halikumuuma sana, kusema kweli. Kilichomuuma ni kwamba sasa ilimbidi aende kwa Hajati Jannat, amwambie kwamba mali ya wakfu imepotea, na kwamba baba yake amelala makaburini Kololo na dhima ambayo haina tena pa kulipiwa.

Akaahirisha. Katika hilo alikuwa mtoto wa baba yake. Kila alipofika kwa Hajati alimkuta na malalamiko yake mwenyewe. Akina mama walikuwa wamechanga wakaagiza sufuria mpya Katwe, kubwa kuliko zote, na fundi amewaletea kifuniko kibaya. "Kina donda katikati," Hajati alisema. "Nimemwambia anyooshe, anasema bati limekataa. Bati linakataa? Mimi nilikataliwa na mume, sijakataliwa na bati."

Zahara hakusikia. Alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Ndipo likaja hema jeupe. Kamati iliamua kumuenzi marehemu mtaani kwake, na mtaa ukaombwa upike, kwa kuwa ndio heshima. Zahara alivaa buibui jipya akaketi mstari wa mbele, karibu na Odera, mbele ya picha kubwa ya gari na chupa za maji zilizopangwa kama walinzi. Alikuwa ameamua. Wakimwita kupokea cheti chenye fremu, atauliza kwa kipaza sauti, mbele ya watu wote na Hajati akisikia: liko wapi?

Mwenyekiti akasoma tamko. Lipo. Ni zima. Liko salama. Alipofika kwenye vizazi vijavyo sauti ilimtetemeka kidogo, akatoa leso, akafuta kona ya jicho ambayo, kutoka mstari wa mbele, ilionekana kavu kabisa. Zahara alisikia kichefuchefu kikimpanda taratibu, kama maji ya mtaro siku ya mvua.

"Utauliza?" Odera akanong'ona.

"Nitauliza."

"Zahara," sauti ikaita kutoka nyuma ya hema, na hema likatikisika. "Njoo unishikie upande huu, hawa wasichana wana kucha."

Mtu haitiki wito wa Hajati Jannat kwa kusema subiri. Zahara akaenda nyuma. Sufuria mpya ilikuwa juu ya mafiga, imefunikwa, makaa yamepangwa juu ya kifuniko. Wakayapangusa makaa, wakashika vitambaa, mmoja huku mwingine kule. Masizi yalikuwa yamekwanguka katikati. Palikuwa na nundu. Juu ya nundu palikuwa na kiraka, na kiraka kilikuwa na ribiti tatu, pembetatu, moja imekwenda kombo.

Zahara akaweka kidole. Palikuwa pa moto sana, naye hakukitoa mara moja.

"Una nini wewe?" Hajati akasema.

Zahara akamwambia. Alimwambia yote pale pale, kwa sauti ya chini: mahubiri ya ofisini, matofali manne, lori, Katwe. Hajati alisikiliza, kitambaa mkononi, bila kukatiza, jambo ambalo wasichana waliokuwepo wanalisimulia kama muujiza. Kisha akainama akakigonga kifuniko kwa kifundo cha kidole.

"Ya mchuzi," akasema. "Nami nimeiita donda."

"Bibi, tumeinunua mali yetu wenyewe."

"Tumeinunua. Lakini iko hapa, na inapika. Baba yako namsamehe, mbele yako na mbele ya wali huu. Nenda, hana kitu shingoni." Akageuza uso kuelekea hemani, ambako Mwenyekiti alikuwa ameanza aya nyingine. "Wale sijawasamehe. Ila watakula."

"Nataka niwaulize mbele ya watu."

"Waulize. Utawaonyesha nini? Kifuniko. Wataleta wapiga picha, watasema ni hazina ya taifa, watakipakia kwenye lori." Alikunja pua. "Watakiweka mahali salama."

Jina la Zahara likatangazwa. Alirudi hemani kidole kimeungua, akapokea cheti, akapewa kipaza sauti. Odera akainuka kidogo kwenye kiti ili asikose neno.

"Nawashukuru," Zahara akasema. "Chakula kiko tayari."

Mwenyekiti alikula kwanza, kama ilivyo desturi ya watu wanaosoma matamko. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akayalamba, akaendelea kuzungumza juu ya urithi na punje ya wali mdomoni, ikipanda na kushuka. Akasifu pilau. Akaomba ukoko. Zahara alimpakulia mwenyewe, kisha akaenda kunawa, akanawa tena, na siku ile hakutia kitu mdomoni.

Sufuria imerudi chumbani nyuma ya msikiti. Kifuniko kinakaa vizuri, na mvuke hautoki.